Kula bila Nyama, Samaki, Mayai wala Maziwa Jijini Dar es Salaam

Wanafunzi wetu wanaojiandaa kwenda Tanzania kwa mafunzo ya lugha huuliza maswali yale yale kila mara: nauli, malazi, joto, na kama ni kweli kwamba mtu akizungumza Kiswahili cha Kampala atachekwa. Suala la chakula hupewa nafasi ndogo. Wengi huamini kuwa penye wali na maharage hakuna njaa. Hata hivyo, miongoni mwetu wapo sasa wanafunzi ambao hawali kitu chochote kitokanacho na mnyama: si nyama, si samaki, si mayai, si maziwa, na wengine hata asali hawaigusi. Wapo wanaofanya hivyo kwa sababu ya imani, wapo kwa sababu ya afya, na wapo wanaowaonea huruma wanyama. Makala haya yameandikwa kwa ajili yao na kwa ajili ya walimu wanaowaongoza. Aidha, yameandikwa kwa sababu ya kosa nililolifanya mimi mwenyewe.

Katika safari moja ya mafunzo tulikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili wa namna hiyo. Kabla ya kuondoka alinijia ofisini akaniuliza aseme nini akifika kwenye familia atakakopangiwa. Nikamwambia, bila kufikiri sana, aseme: "Mimi ninakula mboga tu." Alilikariri sentensi hilo ndani ya basi hadi likamkaa. Siku ya pili mwenyeji wake, mama wa makamo aliyetaka kumpokea mgeni kwa heshima, alimwandalia samaki wa nazi pamoja na wali. Mwanafunzi akakitazama chakula, akasema asante, ameshiba. Siku ya tatu ikawa hivyo hivyo, safari hii kwa dagaa. Siku ya nne nilipigiwa simu. Mama yule hakuwa na hasira, ila alikuwa amevunjika moyo, na sauti yake ilionyesha hivyo. "Mwalimu, mwanao hali. Nimemkosea nini? Alisema anakula mboga, na kila siku mboga ninampikia."

Nilipofika nilimkuta binti amelala, amedhoofika, anaishi kwa ndizi mbivu na biskuti. Alidhani mama anamfanyia mzaha. Mama alidhani binti anakidharau chakula cha nyumbani kwake. Kumbe wote wawili walikuwa wamesema kweli, na mwalimu wa lugha ndiye aliyekuwa amekosea.

Mboga si mboga

Tatizo lilikuwa neno mboga. Katika vitabu vingi tunavyotumia kufundishia wageni, mboga huelezwa kuwa ni mimea: mchicha, kabichi, karoti. Nchini Kenya maana hiyo ndiyo iliyozoeleka. Ukiagiza ugali na mboga Nairobi, utaletewa sukuma wiki. Lakini katika nyumba nyingi za Tanzania, mboga ni kile kinacholiwa pamoja na ugali au wali, kiwe nini kiwe. "Leo mboga ni nini?" ni swali la kawaida kabisa, na "nyama" ni jibu la kawaida kabisa. Wakitaka kutaja mimea husema mboga za majani, au huitaja kwa jina: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, mlenda.

Sisi wa Uganda tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Katika Luganda tunatofautisha emmere, yaani matooke, viazi, mihogo na vinginevyo vinavyojaza sahani, na enva, yaani kile cha kulia emmere. Enva inaweza kuwa maharage, karanga, samaki au nyama. Tukitaka mboga za majani na nyinginezo za mimea tunasema enva endiirwa. Kwa hiyo mboga ya Dar es Salaam inalingana na enva, na mboga za majani zinakaribiana na enva endiirwa. Laiti ningemweleza mwanafunzi wangu hivyo kabla ya safari, angekula vizuri tangu siku ya kwanza.

Neno la pili la kuchunga ni nyama. Mtu akisema "sili nyama" mbele ya mpishi wa Dar es Salaam, mara nyingi ataulizwa: "Basi nikupe kuku?" Swali hilo halina kejeli. Katika mazungumzo ya kila siku nyama ni ya ng'ombe au mbuzi. Kuku ni kuku, na samaki ni samaki. Nimewahi kuona hata aliyesema hali samaki akipewa dagaa, kwa sababu dagaa nao wana jina lao na fungu lao sokoni. Basi anayetaka kueleweka hana budi kutaja kimoja kimoja, na sarufi inampa chombo kizuri cha kufanya hivyo: "Sili nyama, kuku, samaki, dagaa, mayai wala maziwa." Ni sentensi refu, lakini linatosheleza. Ni zoezi zuri pia la kufundishia ukanushi na matumizi ya wala.

Je, hakuna neno moja? Neno la Kiingereza linalotumika duniani liliundwa mwaka 1944 nchini Uingereza na Donald Watson na wenzake, na baadhi ya waandishi wa Kiswahili huliandika vegani. Halina ubaya darasani, lakini kwenye banda la chakula halitakusaidia. Mla majani ni baya zaidi: kwanza linamhusu ng'ombe, pili vijana watacheka kwa sababu majani yana maana nyingine mitaani. Lililonisaidia mimi ni mwiko. Ukisema "vitu vya mnyama kwangu ni mwiko," mpishi haulizi zaidi, kwa kuwa kila mtu anajua jamaa au ukoo wenye mwiko wake. Waganda wana omuziro, na neno hilo lina undugu na mzio wa Kiswahili. Hata hivyo sikushauri useme "nina mzio," kwa sababu siku hizi mzio umehamia hospitalini na watu watadhani ukila utavimba uso. (Mwiko pia ndio ubao wa kusongea ugali, na nimeshasikia mama ntilie mmoja akimjibu mwanafunzi wetu: "Mwiko wako huo, na wangu huu hapa.")

Kwa mama ntilie

Mahali pa kwanza pa kula, na pa bei nafuu kuliko pote, ni kwa mama ntilie. Wapo kandokando ya vituo vya mabasi, karibu na masoko, penye ujenzi na nje ya malango ya vyuo. Wanafunzi wanaokaa Mlimani watawakuta kwa wingi upande wa Mwenge, Ubungo na Sinza. Serikali na magazeti huwaita mama lishe, na wanaume wa kazi hiyo baba lishe, lakini jina la zamani lina mafunzo ndani yake: linatokana na "mama, nitilie," yaani niwekee chakula. Hapo hapo ndipo hatari ilipo. Mama akishakutilia wali na maharage, atachota mchuzi wa nyama au wa samaki na kuumwaga juu, bure, kwa ukarimu. Ukichelewa kusema umekwisha. Sema mapema, kabla hajashika upawa: "Mama, naomba usinitilie mchuzi wa nyama." Na usianze na ombi. Anza na "Shikamoo, mama," kama anakuzidi umri, kisha ombi lifuate. Nimeona chakula kizuri zaidi kikitoka kwenye sufuria ya nyuma kwa sababu ya shikamoo.

Sahani ya kuaminika ni wali mweupe au ugali, maharage, na mboga za majani. Lakini uliza namna zilivyoungwa. Kitenzi kuunga ndicho kitenzi muhimu kuliko vyote katika jambo hili, na sijakiona katika kitabu chochote cha mwanzo tunachotumia. Mboga huungwa kwa nazi, kwa karanga, kwa nyanya na vitunguu, na bara huko hata kwa maziwa. Uliza: "Kisamvu kimeungwa kwa nini?" Ukijibiwa nazi au karanga, kaa ule. Kisamvu, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu, kikiungwa kwa tui zito ni chakula ambacho mtu anaweza kukikumbuka akiwa Kampala miaka mingi baadaye. Bamia, bilinganya na nyanya chungu zinahitaji tahadhari, kwani mara nyingi huchanganywa na dagaa au samaki mkavu ili zipate ladha. Mganda hatashangaa; sisi wenyewe hutia mukene kwenye mchuzi wa karanga.

Pilau iache, maana hupikwa na nyama au kwa supu yake, na kuokota vipande vya nyama pembeni hakubadili kitu. Ndizi nazo zimewapotosha wenzetu wengi. Mganda akisikia "kuna ndizi" moyo unamruka, anaona matooke mbele yake. Lakini ndizi za Dar es Salaam mara nyingi ni ndizi nyama, na mtori, ambao kwa macho unaweza kudhani ni uji wa matooke, una nyama ndani. Tafuta ndizi za nazi.

Asubuhi ni rahisi zaidi kuliko mchana. Mbaazi za nazi kwa maandazi au chapati ni kifungua kinywa cha watu wa pwani tangu zamani, na kwa maoni yangu hakuna kinachokizidi. Mbaazi hazina shida. Shida iko kwenye kitafunwa. Maandazi ya mama mmoja ni unga, sukari, hamira, iliki na tui, na ya jirani yake yana maziwa na yai. Chapati za kusukuma aghalabu hukaangwa kwa mafuta ya mimea, ila wapo wanaotumia samli, na chapati za maji mara nyingi huwa na mayai. Vitumbua vya mchele na nazi kwa kawaida ni salama, mkate wa kumimina una mayai. Chai uagize ya rangi. Ukisema "chai kavu" kama tunavyosema huku, unaweza kueleweka kuwa unataka chai bila kitafunio.

Jioni kuna vya barabarani: mihogo ya kukaanga au ya kuchoma kwa kachumbari na pilipili, ambayo watu huifuata hasa ufukwe wa Coco, mahindi ya kuchoma, kachori za viazi, bajia za dengu na za kunde, karanga, kashata, juisi ya miwa, madafu. Chipsi ziagize kavu, vinginevyo zitakuja na mayai, ile inayoitwa zege. Mafuta ya chipsi huenda yamekwisha kukaanga kuku. Hapo kila mtu na msimamo wake.

Mbuzi jikoni

Nazi inastahili aya yake. Kwa sisi wa bara ambao karanga ndiyo kila kitu, nazi ni ugeni, na lugha yake pia. Mwanafunzi anayetafsiri kutoka Kiingereza atasema "maziwa ya nazi," kisha atajiuliza kama anaruhusiwa kuyanywa. Kiswahili kimemwepushia mashaka hayo: maji ya nazi iliyokunwa na kukamuliwa ni tui, na tui si maziwa. La kwanza, zito, huitwa pia kasimile; la pili na la tatu ni jepesi, nalo hutangulia sufuriani, kasimile hutiwa mwishoni ili lisikatike. Chombo cha kukunia nazi, kile kibao chenye ubapa wa chuma uliochongwa meno, huitwa mbuzi. Binti yule niliyemtaja aliposikia mama akimwita mwanawe jikoni, "Lete mbuzi haraka, mgeni ana njaa," alitoka nje kabisa. Tulimrudisha tukicheka sote, na naye akakuna nazi mbili siku hiyo.

Mjini kati na Msasani

Anayetaka kukaa mezani bila kuuliza maswali kumi aende katikati ya mji, kwenye mitaa ya Kisutu, Zanaki na Jamhuri. Jamii za Wahindi zimeishi na kufanya biashara hapo kwa vizazi, mahekalu ya Kihindu yapo mtaa wa Kisutu, na wengi wa waumini wake hawali nyama, samaki wala mayai. Kwa hiyo kuna migahawa ambamo nyama haiingii kabisa, na kuna maduka ya vitafunio vya dengu, viazi na mchele uliokaushwa. Kutoka Ubungo unapanda mwendokasi hadi Kivukoni au Posta, kisha unatembea.

Hata hivyo msomaji asidhani kazi imekwisha. Kwa Mhindu maziwa ni chakula safi, na samli ni bora kuliko mafuta yoyote. Dengu hutiwa samli, mikate hupakwa samli, mtindi huletwa bila kuitwa, na vile vipande vyeupe kwenye mchuzi wa mchicha ni jibini. Hapa orodha ya nyama na samaki haihitajiki. Sema "bila samli, bila maziwa, bila mtindi," na uombe mkate mkavu. Wahudumu huelewa upesi, na nimeona katika migahawa hiyo jambo ambalo ni nadra kwingineko: mhudumu anaingia jikoni kuuliza kabla ya kujibu.

Migahawa ya Kihabeshi ni jibu jingine, hapa Kampala hasa Kabalagala, na kule Dar es Salaam upande wa Msasani. Waumini wa Kanisa la Othodoksi la Ethiopia hufunga kila Jumatano na Ijumaa, na pia kwa majuma mengi kabla ya Pasaka na sikukuu nyingine, jumla zaidi ya siku 180 kwa mwaka. Katika siku hizo hawali nyama, mayai wala maziwa. Jamii iliyofunga hivyo kwa karne nyingi imejifunza kupika: injera ya nafaka ya tefi, uji mzito wa dengu za kusagwa, adesi za pilipili, majani ya sukuma. Ukiomba chakula cha mfungo huhitaji kutaja hata kitu kimoja. Kwa Kiamhari mfungo ni tsom, neno la asili moja na Kiarabu sawm, ambamo sisi tumepata saumu. (Saumu ya kitunguu ina asili nyingine, ingawa wanafunzi hupenda kuziunganisha.) Migahawa hii si ya bei ya mwanafunzi kila siku. Sahani moja ya kuchangia watu watatu huwezekana mwisho wa juma.

Mwezi wa Ramadhani hubadili ratiba. Baadhi ya mama ntilie hufunga mchana, na mwanafunzi asijipate bila kitu saa saba. Lakini magharibi ikifika, futari ni neema: magimbi, mihogo, viazi vitamu na ndizi za nazi, tambi za sukari, kunde, uji. Sehemu kubwa ya futari ni mimea tupu. Uliza tu kama mihogo imepikwa na nyama, kwani wapo wanaopenda hivyo.

Anayekaa kwa muda mrefu na ana jiko aende Kariakoo akanunue maharage, choroko, kunde, dengu, mbaazi, njugu mawe na korosho kwa kilo. Jambo moja la afya nisiliache: vitamini B12 haipatikani kwa kiasi cha kutegemewa katika vyakula vya mimea, basi anayekula hivi kwa miezi mingi abebe vidonge vyake au atafute vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo. Upungufu wake huja polepole na hudhuru damu na mishipa ya fahamu.

Nyumbani kwa mwenyeji

Mgahawani ukikosea utalipa na kuondoka. Nyumbani ni jambo jingine. Mgeni anayekataa chakula bila maelezo anamwachia mwenyeji ayatafute mwenyewe, na atayapata mabaya. Kwa hiyo mwalimu asimwachie mwanafunzi kazi hii. Piga simu kwa mwenyeji kabla ya safari, zungumza naye kwa utulivu, taja kimoja kimoja, na mwambie pia anachokula, si asichokula tu. Orodha ya miko peke yake humfanya mpishi ahisi amefungwa mikono. Ukimwambia "maharage, mbaazi, kisamvu, mchicha wa nazi, wali, ugali, mihogo, matunda yote," atagundua kwamba nusu ya jiko lake tayari ni chakula cha mgeni wake.

Mwanafunzi naye, siku ya kwanza, aseme mwenyewe kwa mdomo wake, baada ya salamu na kabla ya kuandaliwa. Sisi sasa tunamfundisha maneno haya, na tunayafanyia mazoezi darasani wawili wawili, mmoja akiwa mama mwenyeji: "Mama, shikamoo. Nashukuru kwa kunipokea. Naomba nikueleze jambo kuhusu chakula nisije nikakukwaza. Kwangu vitu vya mnyama ni mwiko: nyama, kuku, samaki, dagaa, mayai, maziwa na samli. Vingine vyote nakula, na ningependa unifundishe kuvipika."

Sentensi la mwisho liliongezwa na binti yule. Alikaa wiki tatu zilizobaki kwa mama yule, na aliporudi alileta daftari lenye mapishi kumi na saba pamoja na mbuzi mmoja, wa mbao.